Shuga glaida hakuzoei kwa asali, anakuzoea kwa harufu

Kila mgeni akija kwangu hapa Texas akawaona shuga glaida wangu wawili, cha kwanza kusema ni "kumbe na huku mnafuga komba?" Sio komba jamani. Macho makubwa sawa, kukesha usiku sawa, hata kulamba ulimbo wa migunga wote wanalamba, lakini komba ni wa ukoo wa nyani na huyu kwao ni Australia na Papua, mtoto anakulia kwenye mfuko wa mama kama kangaruu, na ana ngozi toka mkononi mpaka mguuni anayoitandaza akaelea toka mti huu mpaka ule. Mzima ana gramu 100 hivi mpaka 160, basi.

Sasa uongo unaoniudhi kuliko wote ni ule wa "chukua mmoja tu, wakiwa wawili watapendana wenyewe wakusahau." Huyu mnyama porini analala kwenye tundu la mti wamerundikana ukoo mzima, sasa ukimweka peke yake kwenye keji, wewe unalala yeye ndo anaamka, unategemea nini? Wengine wanaishia kujinyonyoa manyoya na kujing'ata mkia. Kukusahau hawakusahau. Kwangu ilikuwa jike ndo akazoea kwanza, na dume alipoona mwenzie anakula mkononi mwangu na hajaliwa, naye akasogea.

Wauzaji nao wanakwambia "bora awe mdogo, siku tatu tu mfukoni mwako ameshakuwa wako." Siku tatu! Sema wiki kadhaa, na wengine miezi, na hata mkubwa anazoea ukiwa na subira. Mtu ananunua, siku ya nne anang'atwa, wiki ya pili anatafuta pa kumpeleka, na mnyama mwenyewe anaweza kuishi miaka 10 na zaidi.

Yaani watu hawaelewi kwamba hawa wanajuana kwa pua. Ukiona dume ana kipara katikati ya kichwa usikimbilie dokta, pale pana tezi ya harufu, na kifuani ana nyingine, anawasugulia wenzie mpaka ukoo mzima unanuka kitu kimoja na asiyenuka hivyo ni adui. Kwa hiyo kazi yako ni kunuka kama mtu wa nyumbani. Tisheti uliyolala nayo, bila kuifua, ikate uweke kwenye kipochi wanacholala mchana, halafu kipochi chenyewe kivae shingoni ukiwa unapika au unaangalia mpira, wao wamelala tu wanakunusa. Pafyumu mpya kila wiki acha. Na siku ya kusafisha keji usifue vyote kwa pamoja, acha kitambaa kimoja kichafu. Kuwaogesha ndo kabisa usithubutu, wanajisafisha wenyewe, na ukiwaogesha unafuta kile kile unachokijenga.

Glavu je? Zinakuficha harufu, na mkono unakuwa jitu lisilojulikana.

Halafu ule mlio wao, kama pikipiki iliyokataa kuwaka, watu wanadhani ni chuki. Ni woga. Ukiurudisha mkono haraka anajifunza kwamba kelele zinafukuza, uache palepale umetulia mpaka achoke.

Na kinyume chake, akikurukia usijisifu. Kwake wewe ni mti. Mpaka alale mwilini mwako, akulambe, au aje mwenyewe bila kuitwa, hapo ndo tuongee. Vitamu navyo vina kiasi, tone la yogati kidoleni sawa, ila akishiba matunda na asali tu kalsiamu inapungua na miguu ya nyuma inaweza kupooza.

(Ukiwa California, Hawaii au Alaska usisumbuke, kule kuwafuga ni marufuku.)

Dume langu lilichukua kama miezi miwili. Usiku mmoja, taa zimezimwa, nikahisi kitu kinapanda mkono, kikanusa shingo kikapiga chafya, halafu kikaanza kusugua kile kipara kwenye kidevu changu taratibu kama mtu anayepiga pasi. Wife asubuhi akauliza mbona nanuka.