Namba ya simu si nywila

Wiki hii nimelisikia tena: "Nywila yangu ina tarakimu kumi, nani ataibashiri?" Safari hii ni mzee mwenye nyumba ya wageni, aliyeniita nimpimie usalama wa waifai yake. Nywila ilikuwa namba yake ya simu.

Tupige hesabu. Namba za mkononi hapa Tanzania zinaanza na 06 au 07. Zinabaki tarakimu nane za kubahatisha, yaani namba milioni 200 kwa jumla. Kadi yangu ya michoro ni GTX 1080 ya mwaka 2016, kikongwe kwa kadi za leo, na kwenye hashcat, programu ya kubahatisha nywila, inajaribu nywila za WPA2, ulinzi wa waifai kama ya mzee, karibu 400,000 kwa sekunde. Milioni 200 zinaisha kwa dakika nane na kidogo. Yake ilitoka mzee akiwa bado anatafuta miwani asome skrini. "Mwanangu, umeiona wapi?" Sikuiona popote, mzee.

Na msiniambie ruta itamfungia mtu akikosea mara tano. Kadi haiongei na ruta! Ukishanasa salamu ambazo simu na ruta hupeana wakati wa kuunganishwa, kazi iliyobaki inafanyika mezani, hata ruta ikiwa imezimwa.

WPA2 yenyewe inajitetea: kila nywila inayojaribiwa husagwa pamoja na jina la mtandao mizunguko 4,096. Ndiyo maana kadi inayomaliza hashi za MD5, njia ya zamani na nyepesi ya kusaga nywila, kwa mabilioni kila sekunde, hapa inatambaa. Herufi ndogo nane zilizookotwa ovyo zinaishi siku sita. Kumi na mbili, zaidi ya miaka 7,000, bila alama wala herufi kubwa hata moja. "Karibu@2024" ina vyote hivyo na inaanguka mapema, kwa sababu neno, alama, kisha mwaka ndio mpangilio wa kwanza ninaojaribu.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba watu hawaokoti herufi ovyo. Nikiandika kwenye ripoti "haikupatikana", maana yake haikuwemo kwenye orodha zangu za maneno ya kujaribu, basi. Orodha nyingi zimejaa Kiingereza. Ya Kiswahili nimeijenga mwenyewe kwa majina ya watu, mitaa, methali na timu za mpira, na bado kila mteja ananiletea neno nililolisahau.

Mzee tulimfungulia kamusi macho yakiwa yamefumbwa, mara tano, kidole kikatua kwenye maneno matano: ndiyo nywila mpya. Ameyaandika kwenye karatasi na kuibandika kaunta, wageni wayasome. Karatasi hiyo hainisumbui. Aliyeegesha gari ng'ambo ya barabara haioni.