Kinu cha nyuklia kuyeyuka si kulipuka

Kila ukizuka mjadala wa kituo cha nyuklia kilichopendekezwa Uyombo, Kilifi, hakosi mtu wa kuuliza: "Mnataka kitulipukie kama cha Fukushima?" Hofu yake ina msingi. Ila amechanganya mambo mawili.

Kinu kuyeyuka ni fueli iliyomo ndani yake kukosa maji ya kuipoza, ikapanda joto hadi ikawa uji. Basi. Na kukizima tu hakutoshi. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la kipimo cha 9.0 lilipoikumba Japani, vinu vitatu vilivyokuwa kazini Fukushima Daiichi vilijizima vyenyewe. Lakini fueli huendelea kutoa joto hata baada ya kinu kuzimwa. Umeme wa gridi ukakatika, jenereta za dizeli zikawaka, na baada ya dakika kama 50 wimbi la mita 14 hivi likaingia kwenye kituo kilichojiandaa kwa wimbi lisilofika mita 6. Jenereta nyingi zilikuwa chini kabisa ya majengo, zikafurika. Wafanyakazi wakawa wanafungua betri za magari ili waweze kusoma vipimo.

Sasa, hiyo milipuko ambayo dunia nzima iliiona kwenye runinga? Ni haidrojeni. Mirija ya metali iitwayo zirkoni inayobeba fueli ikipata joto kali na mvuke huzalisha gesi hiyo. Ikajikusanya juu ya vinu, ikawaka. Jengo la kinu namba 1 lilipasuka tarehe 12, la namba 3 tarehe 14. Bomu la nyuklia ni habari nyingine kabisa: urani, yaani fueli ya vinu vile, haikurutubishwa (kuongezewa sehemu yake inayopasuka kwa urahisi) hata robo ya kiwango cha bomu.

Anayebisha kwamba kuyeyuka si kulipuka aangalie kinu namba 2 na namba 4. Fueli ya namba 2 iliyeyuka, jengo lake halikulipuka, maana mshindo wa namba 1 ulikuwa umekwisha kubandua kipande cha ukuta, haidrojeni ikapata pa kutokea. Jengo la namba 4 lililipuka tarehe 15, ilhali ndani ya kinu hakukuwa na fueli hata kidogo. Yote ilikuwa kwenye bwawa la kuihifadhi kupisha matengenezo. Gesi ilitoka kwa jirani, namba 3, kupitia mabomba ya hewa yaliyoungana.

Wala sisemi kuyeyuka ni jambo dogo. Mionzi iliyowafanya watu zaidi ya 150,000 wakae mbali na kwao ilitoka kwenye fueli hiyo hiyo.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kilifi, swali la bomu liache. Uliza jenereta za akiba zitakaa mita ngapi juu ya bahari. Kituo cha Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko lile kuliko Fukushima, ila kilijengwa kwenye mwinuko wa karibu mita 14, na vinu vyake vyote vilipozwa salama.