Walenape hawakupoteza ardhi kwa kutojua maana ya kumiliki

Bado tunasikia kwamba wenyeji wa Marekani walipoteza ardhi kwa sababu hawakuelewa umiliki. Si kweli, na kisa cha Walenape, wenyeji wa bonde la mto Delaware, huko Pennsylvania mwaka 1737 kinaonyesha hivyo waziwazi.

William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania, alifariki 1718. Wanawe John, Thomas na Richard walirithi koloni pamoja na madeni, wakaanza kuwauzia walowezi ardhi ambayo Walenape hawakuwa wameiuza. Ili kuihalalisha, walitoa nakala ya hati wakidai ni ya 1686: Penn apewe eneo ambalo mtu angelitembea kwa siku moja na nusu. Mzee wa Walenape, Nutimus, aliihoji kwa hoja nzito. Huyo ni mtu anayejua fika kilicho chake.

Akina Penn walionyesha ramani ya kupotosha, wakasafisha njia msituni mapema na kuajiri watu watatu wenye mbio. Wawili walishindwa njiani. Edward Marshall alifika takriban maili 65. Kisha, badala ya kwenda moja kwa moja hadi mto Delaware, mstari wa mpaka ulikunjwa kuelekea kaskazini mashariki, ukameza, kwa makadirio, ekari milioni 1.2. Kwangu mimi, mstari huo ni wizi mkubwa kuliko zile mbio.

Walenape walilalamika papo hapo. Mwaka 1756, kiongozi wao Teedyuscung aliwashtaki akina Penn hadharani kwa udanganyifu. Wazao wa Walenape walipokwenda mahakamani mwaka 2004, kesi ilitupwa, ingawa mahakama haikukanusha udanganyifu huo.