Kuilinda SID ya Commodore 64 unapoiingizia sauti ya nje

Chipu ya sauti ya kompyuta ya Commodore 64, SID 6581 iliyobuniwa na Robert Yannes wa MOS Technology, haitoi sauti tu, bali hupokea pia sauti ya gitaa, kinanda au simu na kuipitisha kwenye kichujio chake. Ishara huingilia pini ya 5 ya soketi ya sauti na picha, ikaishia kwenye mguu wa 26 wa chipu. SID hazitengenezwi tena, na Commodore yenyewe ilifilisika mwaka 1994, kwa hiyo sikubali kuchomeka chochote pale bila kinga.

Maelezo ya kiufundi ya chipu yanasema kwamba mguu huo hukaa kwenye volti 6 za mkondo mnyoofu, una ukinzani wa takriban kiloomu 100, na ishara isizidi volti 3 kutoka kilele cha juu hadi cha chini. Hizo volti 6 ndizo zinazoamua mpangilio mzima. Dayodi za kinga (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zikifungwa kati ya mguu wenyewe na ardhi ya sakiti, zitapitisha umeme muda wote na kuushusha mguu kutoka kwenye kiwango chake. Mahali pake ni upande wa chanzo cha sauti, kabla ya kapasita inayopitisha sauti lakini kuzuia volti hizo 6 zisirudi kwenye chanzo.

Basi ishara ianze kwa kupita kwenye rezista ya kiloomu 10. Baada yake, funga dayodi nne za 1N4148 kwenda ardhini: mbili zilizofuatana zikielekea upande mmoja, na mbili zikielekea upande wa pili. Kila jozi huanza kupitisha umeme karibu na volti 1.2 hadi 1.4, hivyo ishara haivuki volti 2.8 kwa jumla. Jozi ya dayodi mojamoja ingekata kwenye volti 1.2 kwa jumla, na vilele vya muziki wa kawaida vingekwaruza. Hata chanzo kikileta volti 10 kwa bahati mbaya, rezista hiyo huzuia mkondo usifike miliampea 1, ilhali sauti hupungua kwa chini ya desibeli 2.

Mwisho weka kapasita ya filamu ya mikrofaradi 1, ambayo haina upande chanya wala hasi, na rezista ya kiloomu 100 kutoka kwenye dayodi hadi ardhini ili kapasita isining'inie bila kiwango.

Ninapendekeza soketi yenye swichi inayounganisha ingizo na ardhi plagi inapochomolewa, kwa sababu waya ulioachwa wazi hudaka mvumo unaotokana na ishara ya picha.

Unganisha kompyuta ikiwa imezimwa. Ukishaiwasha, andika amri za BASIC za POKE, zinazoweka namba kwenye anwani ya kumbukumbu: POKE 54296,15 inatosha kusikia sauti ikipita moja kwa moja; POKE 54295,8 ikifuatwa na POKE 54296,31 huipeleka kwenye kichujio, na thamani unayoiweka kwenye 54294 ndiyo inayoamua ni masafa gani yatapita.