Savukoski si nchi tupu: dhana potofu kuhusu manispaa ndogo ya Lapland

Ukiitazama kwa takwimu peke yake, Savukoski inaonekana kama pengo kwenye ramani. Manispaa hii ya mashariki mwa Lapland, kaskazini mwa Ufini, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 6,500, na wakazi wake wote ni kama 1,000 hivi. Jiji la Helsinki lina watu zaidi ya 650,000 kwenye nchi kavu isiyofika kilomita za mraba 220. Tofauti hiyo imezaa maneno mengi yasiyo ya kweli.

"Ni pori lisilo na mwenyewe."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mgeni akikutana na kulungu wa kaskazini katikati ya msitu hudhani ni wanyamapori, kumbe kila mmoja ana mwenyewe. Majira ya kiangazi wafugaji huwakusanya ndama zizini na kuwakata alama masikioni kwa kisu, na kila mfugaji ana mchoro wake uliosajiliwa. Ndama hujulikana ni wa nani kwa mama anayemfuata. Kulungu hao ni wengi kuliko watu kwa mara kadhaa, na bila malisho hayo mapana ufugaji huu usingewezekana. Misitu nayo, kwa sehemu kubwa, ni mali ya serikali: mingine huvunwa mbao, mingine imehifadhiwa, ikiwemo sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Urho Kekkonen iliyoanzishwa mwaka 1983. Kwa hiyo wakazi wachache hawamaanishi ardhi isiyo na kazi.

"Lapland yote ni ya Wasami."

Nchini Ufini, eneo rasmi la Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, ni manispaa za Enontekiö, Inari na Utsjoki pamoja na kaskazini mwa Sodankylä. Savukoski haimo, na lugha yake ni Kifini. Lakini tusiifute historia: mashariki mwa Lapland waliishi Wasami wa Kemi, ambao lugha yao ilitoweka katika karne ya 19.

"Baba Krismasi anaishi Rovaniemi."

Kwa masimulizi ya Wafini wenyewe, nyumbani kwake ni mlima Korvatunturi, ulioko Savukoski kwenye mpaka na Urusi. Simulizi hiyo ilienezwa na mtangazaji wa redio Markus Rautio mwaka 1927. Rovaniemi, mji mkuu wa Lapland, ndiko kwenye kijiji cha watalii. Mlima wenyewe una urefu wa mita 486 tu na uko ndani ya ukanda wa mpaka, hivyo huwezi kuupanda bila kibali.

"Watu wanakimbia baridi na giza."

Baridi ilikuwa hiyohiyo hata wakati watu walipokuwa wengi zaidi. Na giza halidumu nusu mwaka: hata katikati ya Desemba kuna saa kadhaa za mwanga hafifu mchana, na kiangazi jua halizami kwa zaidi ya mwezi mzima. Kilichobadilika ni kazi. Zamani magogo yalikatwa kwa shoka na msumeno, yakavutwa na farasi hadi mtoni, kisha mto Kemijoki ukayabeba hadi pwani. Kila hatua ilihitaji wanaume wengi. Siku hizi dereva mmoja wa mashine ya kuvunia miti hufanya kazi ya kundi zima, na magogo hupakiwa kwenye malori. Vijana huondoka kwenda kusoma Rovaniemi au Oulu, na wengi hawarudi. Wanaobaki ni wazee, na vifo vinazidi watoto wanaozaliwa.

"Watu 1,000 hawawezi kuwa na serikali yao."

Wanayo. Wana baraza la kuchaguliwa, linalopanga kiwango cha kodi ya mapato ya manispaa na kusimamia elimu ya msingi. Huduma za afya, tangu mwaka 2023, zimehamishiwa kwenye mamlaka ya mkoa mzima wa Lapland. Hapo ndipo udogo unapouma kweli: hospitali kuu iko Rovaniemi, zaidi ya kilomita 140 kwa barabara.