Mche wa Tishu Si Kinga ya Mnyauko Fuzari

"Hii ni ya tishu, haishikwi na mnyauko." Kauli hii kuhusu miche ya migomba na mnyauko Fuzari, ugonjwa unaoletwa na kuvu ya udongoni, husikika kitaluni, shambani, hata kwa wauza miche ambao walipaswa kujua zaidi. Si kweli, na katika dhana zote zinazozunguka migomba na magonjwa ya kuvu, hii ndiyo inayowagharimu watu mashamba mazima.

Mche wa tishu hutokana na ncha ya kukua iliyokatwa ndani ya chipukizi, ikasafishwa na kuzalishwa kwenye chupa maabara. Usafi huo huondoa fukusi, minyoo ya mizizi, bakteria na kuvu vinavyosafiri na tunguu. (Virusi haviondoki hivihivi, mgomba mama lazima upimwe kwanza.) Vinasaba kwa kawaida haviguswi. Kisukari kikiingia maabara kinatoka Kisukari, Mshare unatoka Mshare, na vyote viwili havina ubavu mbele ya kundi la 1 la kuvu ya Fuzari (kuvu hii ina makundi kadhaa, na kila moja hushambulia aina zake za migomba). Ulichonunua ni mche ambao bado haujaugua, basi. Ukiupanda penye kuvu, utaugua.

Na huenda ukaugua haraka kuliko chipukizi la kawaida. Majaribio ya shambani yameonyesha kwamba miche ya tishu ikipandwa kwenye udongo wenye kuvu huathirika zaidi katika miezi ya mwanzo, maana imetoka kwenye chupa bila vijidudu rafiki vinavyoishi ndani ya mizizi, na mizizi yenyewe ni michanga.

Kinga ya kweli imo kwenye jeni, na kazi yake kubwa ni kasi. Kuvu huingia kupitia mizizi na kupanda kwenye mirija ya maji. Kila mgomba hujibu: hujenga vizibo na ute ndani ya mirija, hukaza kuta za seli, hutoa kemikali za kujilinda. Aina yenye jeni za kumtambua adui huyu huanza mapema, na kuvu hunaswa kabla haijasambaa kwenye tunguu. Aina dhaifu nayo huziba, ila imechelewa. Kuvu imeshapita, na vizibo vyenyewe vinazidi kuunyima mgomba maji. Ndipo majani ya chini yanaanza umanjano pembezoni, yanavunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kuzunguka shina, na shina lenyewe mara nyingi hupasuka karibu na ardhi.

Kuwa na jeni peke yake hakutoshi. Cavendish, ndizi inayouzwa sana duniani, ina jeni inayofanana na RGA2, jeni ya kinga iliyotolewa kwenye mgomba pori wa Asia, lakini kwake inafanya kazi kwa kiwango cha chini mno. Watafiti wa Queensland, Australia, walipoipandikiza jeni ya mgomba pori kwenye Cavendish, matokeo waliyochapisha mwaka 2017 yalionyesha kwamba mistari (migomba iliyotokana na upandikizaji mmoja) iliyohimili vizuri zaidi ni ile ambayo jeni hiyo ilifanya kazi kwa nguvu. Mmoja wa mistari hiyo, QCAV-4, uliidhinishwa Australia mwaka 2024. Sasa mtu aniambie chupa ya maabara pekee ingefanyaje kazi hiyo.

Atajibu: mbona Taiwan walipata ndizi inayohimili kupitia tishu? Kweli, Formosana, aina ya Cavendish, ilitokana na mabadiliko ya bahati yanayojitokeza kwenye miche ya tishu. Lakini walipanda maelfu ya miche kwenye shamba lililojaa kuvu, wakachagua michache iliyosalia, wakaichuja tena na tena kwa miaka. Kitalu cha mjini hakifanyi hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza historia ya shamba. Spora za kuvu hii zina ganda nene na hukaa udongoni zaidi ya miaka 20 bila mgomba wowote. Palipokufa Kisukari, usirudishe Kisukari hata kiwe cha tishu. Weka matoke, ambazo hazishikwi na kundi la 1, au ndizi chotara FHIA-17 na FHIA-23. Muulize pia mwenye kitalu udongo wa viriba umetoka wapi. Mche safi uliotiwa kwenye udongo wa shamba la migomba umeshaharibika kabla hujaulipia. Chukua mche wenye urefu wa sentimita 30 hivi na majani matano au sita mapana.

Zipo dhana nyingine. "Mgomba ulionusurika hutoa machipukizi yenye kinga." Mgomba haupati chanjo kwa kuugua. Machipukizi yake yana vinasaba vilevile, na tunguu lake huenda tayari lina kuvu hata kama majani ni ya kijani. Hivi ndivyo ugonjwa unavyohamishwa toka kijiji hadi kijiji, kwa upendo kabisa.

"Ipo dawa ya kumwagia shinani." Hakuna. Dawa za kupuliza husaidia dhidi ya sigatoka nyeusi, ugonjwa mwingine wa kuvu, kwa sababu ile hushambulia majani. Fuzari imo ndani ya mirija. Chokaa kwenye udongo wenye asidi hupunguza makali, haiponyeshi. Majivu nayo si dawa, msiniulize tena.

"Ndizi chotara ni GMO," yaani zimepandikizwa jeni maabara. Hapana. FHIA zilizalishwa Honduras kwa kuchavusha maua kwa mkono. FHIA-17 mama yake ni Highgate, wa ukoo wa Gros Michel, ndizi ileile iliyofyekwa na kundi la 1. Kinga imetoka upande wa baba.

"Aina sugu ni sugu kwa kila kitu." Cavendish ilichukua nafasi ya Gros Michel kwa sababu inahimili kundi la 1, halafu TR4, kundi jingine la kuvu hiyohiyo, ikaiangusha. TR4 ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013, na Msumbiji ni jirani wa Tanzania.

Wengine hata ugonjwa wameukosea jina. Kata tunguu kipande cha unene wa sentimita mbili: ukiona vidoa vyekundu-kahawia vilivyotapakaa au vilivyopangika kama duara, hiyo ni Fuzari. Ute wa njano ukitoka kwenye shina, na ndizi zikaiva kabla ya wakati huku ndani zimekuwa kahawia, huo ni unyanjano, wa bakteria. Fuzari haiozeshi tunda. Ukimaliza kukata, kwangua udongo wote kwenye panga na viatu kabla ya kutia jiki, maana jiki haifanyi kazi juu ya matope, na kipande ulichokata kiache palepale shambani.