Simba, Yanga na udini: yanayosemwa vijiweni na yalivyo kweli

Dabi ya Kariakoo ikikaribia, watu walewale husema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba Simba na Yanga ni utani tu, na kwamba moja ya timu hizo ni ya watu wa dini fulani. Kauli ya kwanza ina ukweli nusu. Ya pili haina hata robo, lakini haifi, na kila ikifufuka huwa na sura mpya. Hapa tunachambua zile zinazorudiwa zaidi Dar es Salaam, pamoja na mfano wa Glasgow, ambao hupenda kutajwa na watu wasioujua vizuri.

"Simba ni ya Waislamu, Yanga ni ya Wakristo"

Au kinyume chake. Mwingine atakuapia kwamba Yanga ndiyo ya Waislamu kwa sababu ya wazee wa Jangwani, yaliko makao ya Yanga, na wa pembeni yake atakuapia hivyohivyo kuhusu Msimbazi, makao ya Simba. Dhana inayoweza kugeuzwa miguu juu na bado ikashangiliwa haisimami juu ya kitu.

Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Zote zimezaliwa Kariakoo, kwa vijana wa mitaa ileile. Simba ilipitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuchukua jina la sasa mwaka 1971. Ipo simulizi kwamba Sunderland ilikuwa ya Waarabu na wenye nazo, Yanga ya makabwela. Simulizi hiyo, iwe na uzito kiasi gani, inahusu rangi na kipato, si dini, na inatoka kwenye mji ambao mkoloni aliukata vipande: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi makusudi ili utenganishe. Katika mji wa namna hiyo kila klabu ilinusa rangi ya mtaa wake.

Tazama pia klabu hizi zilivyopasuka. Miaka ya 1970 Yanga ilimeguka ikazaliwa Pan African, Simba ikamega Nyota Nyekundu. Baadaye Jangwani wakawa na Yanga Kampuni na Yanga Asili. Ugomvi ulikuwa wa madaraka, fedha na nani mwenye klabu. Kama dini ingekuwa ndiyo mshipa wa timu hizi, mpasuko mmoja angalau ungefuata mstari huo. Haukutokea.

Kisha kuna wachezaji. Haruna Niyonzima alitoka Yanga kwenda Simba 2017, Clatous Chama akatoka Simba kwenda Yanga 2024, na Mohamed Hussein "Tshabalala", nahodha wa Simba, akavuka 2025. Waliolalamika walilalamikia usaliti na pesa. Hakuna aliyesema mchezaji ameritadi.

Na ukikutana na mtu anayekupa asilimia za mashabiki kwa dini, muulize kahesabia wapi. Sensa ya Tanzania haijauliza dini ya mtu tangu ile ya 1967. Ya mashabiki ndiyo usiseme.

"Udini wa mpira tumeuona Glasgow, na mpira ndio ulioleta"

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana Celtic na Rangers, klabu mbili za mji huo wa Scotland, ya kwanza ikihusishwa na Wakatoliki na ya pili na Waprotestanti, ndio mfano unaotumiwa kutisha watu.

Rangers ilianzishwa 1872 na vijana waliokuwa wakipenda michezo ya kupiga makasia. Haikuwa klabu ya kanisa. Celtic ilianzishwa Novemba 1887 na mtawa wa shirika la Wamarist, Bradha Walfrid, ili kuchangisha fedha za kuwalisha maskini wa mashariki ya Glasgow, wengi wao familia za wahamiaji wa Kiayalandi. Mechi ya kwanza ya Celtic, tarehe 28 Mei 1888, ilikuwa dhidi ya Rangers, na Celtic walishinda 5-2. Mwanzoni hakukuwa na uhasama. Mwaka 1904 magazeti ya huko yalikuwa yakizikejeli klabu hizo mbili kama washirika wa biashara wanaogawana viingilio. Fainali ya marudio ya Kombe la Scotland 1909 ilipoisha sare bila muda wa nyongeza, mashabiki wa pande zote mbili walivamia uwanja wa Hampden na kufanya fujo upande mmoja, hasira zao zikiwa kwa waandaaji.

Kilichogeuza mambo kilitoka nje ya uwanja. Wahamiaji kutoka Ireland, Wakatoliki kwa Waprotestanti, walikuja na ugomvi wa kwao kuhusu utawala wa Uingereza. Ajira za viwandani na kwenye karakana za meli zikawa zinatolewa kwa kuangalia mtu anasali wapi. Shule nazo: tangu sheria ya elimu ya 1918, Scotland ina shule za Kikatoliki zinazogharamiwa na serikali sambamba na shule nyingine, hivyo jina la shule uliyosoma lilitosha kukutambulisha kwa mwajiri. Mpira ulikuta mpasuko tayari, ukaupa rangi, nyimbo na ratiba.

Hata hivyo klabu zenyewe hazikuwa sawa. Celtic haikuwahi kuwafungia mlango Waprotestanti. Jock Stein, kocha aliyeipa Kombe la Ulaya kule Lisbon mwaka 1967, alikuwa Mprotestanti. Rangers kwa miongo mingi ilikuwa na desturi isiyoandikwa ya kutosajili Wakatoliki, na ilipomsajili Mo Johnston mwezi Julai 1989 baadhi ya mashabiki wake walichoma skafu zao. Kwa hiyo "wote ni walewale" nayo ni dhana potofu.

Tena makosa mengi ya chuki za dini Scotland hayatokei kwenye mpira. Takwimu za waendesha mashtaka za 2010-11 zilionyesha kwamba ni takribani theluthi moja tu ya mashtaka hayo iliyohusiana na soka. Mengine yote yalikuwa mitaani, majumbani, na dhidi ya polisi waliokuwa wakikamata walevi. Bunge lao lilitunga sheria ya mwaka 2012 iliyowalenga hasa mashabiki wa mpira. Ilifutwa 2018 baada ya malalamiko kwamba inambana shabiki kwa maneno ambayo mtu mwingine angeyasema barabarani bila kushitakiwa chini yake.

Kwa anayetaka kupima kama Dar es Salaam inaelekea huko, asiangalie jukwaani. Aangalie shule, ajira na ndoa. Sheria ya elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, na kizazi kizima cha Watanzania kikakaa dawati moja bila kuulizana. Leo shule za seminari na za Kiislamu zimeongezeka tena. Si kosa, na nyingi zinafundisha vizuri, lakini hilo ndilo la kufuatilia kuliko rangi za jezi.

"Tanzania hatuna udini"

Tunao, ila haujavaa jezi. Mwaka 1998 kulikuwa na vurugu na vifo Mwembechai, Dar es Salaam. Oktoba 2012, Mbagala, ugomvi wa watoto wawili kuhusu msahafu uliishia makanisa kushambuliwa. Hakuna kati ya matukio hayo lililoanzia kwenye mechi.

Udini wa kila siku ni wa kimyakimya. Mwenye nyumba anayeuliza jina kabla ya kodi. Teuzi zikitangazwa, kuna watu wanaokaa na orodha kwenye grupu la WhatsApp wakihesabu majina: huyu wetu, huyu wao. Hesabu zenyewe mbovu, maana familia za Pwani zimechanganyika kiasi kwamba jina la kwanza na la baba mara nyingi hayatoki kwenye kitabu kimoja. Lakini hesabu mbovu ikisambazwa mara mia inakuwa ushahidi.

"Ni utani, ukikasirika hujui mpira"

Utani una taratibu, na wanaousema sana ndio wanaozisahau. Utani wa makabila, kama wa Wanyamwezi na Wazaramo, unamruhusu mtani kufanya vituko hata msibani, ila pande zote mbili zinajua ziko kwenye utani, na aliyetaniwa ana haki ya kurudisha kwa kipimo kilekile. Mtu asiye mtani wako humfanyii hayo.

Ukiuleta kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kutazamia mpira, kipimo ni hiki: neno lako linapiga timu, au linapiga kitu ambacho mtu hawezi kukivua akirudi nyumbani? "Kolo" kwa Simba na "Utopolo" kwa Yanga zinapiga timu. Wimbo wa vyura kwa sababu mafuriko yanaingia Jangwani unapiga timu. Kukumbushia 6-0 za Simba mwaka 1977, au 5-0 za Yanga mwaka 1968, au 5-1 za Yanga Novemba 2023 kunapiga timu, na kunauma kweli. Ukitaja msikiti wake, kanisa lake, kabila lake au mama yake, umeondoka kwenye mpira.

Panapoharibikia mara nyingi ni kwenye jeneza. Kumzika mtani baada ya kipigo ni desturi: boksi au mbao, kitambaa cha rangi za timu iliyofungwa, watu wanalia kilio cha uongo wakizunguka mtaa. Hapo hakuna tatizo. Mmoja akipachika msalaba juu, au akaanza kusoma dua kwa kejeli huku wengine wakiitikia, mambo yamebadilika. Aliyesimama barazani hajali tena nani kafungwa. Anaona ibada ya mazishi ya marehemu wake inachezewa. Na kwa kuwa tukio linarekodiwa, kesho linafika Mwanza na Zanzibar bila maelezo ya mechi iliyolizaa. Wanaobeba jeneza wakubaliane kabla: rangi na nyimbo za timu, basi. Alama ya dini yoyote ikitokea, mwenye kuongoza msafara aitoe palepale, wala asingoje mtu wa nje aseme.

"Aliyetukana ataadhibiwa yeye, klabu haihusiki"

Kanuni za nidhamu za FIFA zinasema kinyume. Kubagua kwa dini, rangi, asili, lugha au jinsia kukifanywa na mashabiki, klabu yao inabebeshwa mzigo hata kama viongozi hawakujua. Kiwango cha chini kwa kosa la kwanza ni faini ya faranga 20,000 za Uswisi na mechi yenye idadi ndogo ya watazamaji. Mchezaji au kiongozi akifanya yeye, anasimamishwa si chini ya mechi 10. Mwamuzi naye ana hatua tatu: anasimamisha mchezo na tangazo linatolewa, isipokoma anawatoa wachezaji kwa muda, isipokoma anavunja mechi. Tangu mkutano mkuu wa FIFA wa Bangkok, Mei 2024, mchezaji aliyebaguliwa kwa rangi anaweza kumjulisha mwamuzi kwa kupishanisha mikono kwenye vifundo.

Nje ya kanuni za mpira, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaitambua kama kosa la jinai kauli inayotolewa kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Jezi haimkingi mtu na sheria hiyo.

Ukiyasikia matusi ya namna hiyo ukiwa Uwanja wa Mkapa, wenye viti 60,000, kelele za "kuna watu wametukana" hazisaidii. Shika vitu vinne: jukwaa na sehemu (mzunguko au VIP, upande gani), dakika ya mchezo, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na ni mtu mmoja au kundi. Mpe msimamizi wa uwanja au askari aliye karibu palepale, kwa sababu taarifa inatakiwa imfikie kamishna wa mchezo kabla hajafunga ripoti yake. Ukisharekodi video, ipeleke kwa klabu yako au Bodi ya Ligi. Ukiipandisha mtandaoni na kichwa cha habari cha moto, unawafikishia tusi wale ambao halikuwafikia, na aliyelitoa anapata umaarufu aliokuwa akiutafuta.

"Kusujudu au kupiga ishara ya msalaba uwanjani ni kosa"

Si kosa. Sheria ya 4 ya mpira inazuia maneno, picha na kaulimbiu za dini, siasa au za binafsi kwenye vifaa vya mchezaji, pamoja na fulana ya ndani. Mchezaji akifunua fulana yenye aya, iwe ya Biblia au Kurani, yeye au timu yake inaweza kuadhibiwa na waandaaji wa mashindano. Akiivua jezi kabisa, kadi ya njano ni lazima, kuna maandishi au hakuna. Sijida na msalaba havimo. Hijabu iliruhusiwa rasmi mwaka 2014.

Mazingira ndiyo yanayoleta tofauti. Kipa wa Celtic, Artur Boruc, alipewa onyo na waendesha mashtaka wa Scotland mwaka 2006 kwa ishara alizowafanyia mashabiki wa Rangers kwenye uwanja wao; wao wenyewe walisisitiza kwamba hakuonywa kwa kujipiga msalaba peke yake.

"Yanga ni CCM, angalia rangi"

Hii haihitaji mengi: inatokana na Yanga na CCM kuvaa kijani na njano. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Yanga wakati huo ilikuwa imeshapita miaka 40. Na wanachama wa CCM wanaokwenda uwanjani wamevaa nyekundu na nyeupe unawaona kila Simba inapocheza.